Nusu Mawese, Nusu Maji ya Luiche

Afadhali niseme mwenyewe kabla hujasimuliwa na wengine, maana hapa Mwandiga midomo haina pazia.

Naitwa Diana. Nina stesheneri karibu na stendi. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mtandaoni, na huu ni mwaka wa tatu natengeneza tovuti. Watu wamenipa jina, Injinia. Jamani, nilikuwa nalipenda jina hilo! Siku hizi mtu akiniita Injinia najifanya nimeangusha kalamu, nainama kuitafuta mpaka apite.

Ila huwezi kuielewa aibu yangu bila kumjua kwanza Honorata, mdogo wake marehemu mama yangu. Mimi namwita mama mdogo. Majirani wanamwita Mama Oswald, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Anakamua mawese Kidahwe, kwenye barabara ya kwenda Kasulu. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Mama mdogo alikuja msibani na kanga moja begani, na matanga yalipoisha akaondoka na kanga ileile na mimi. Hakuna aliyemwomba. Yeye mwenyewe alikuwa mjane mwenye watoto watatu.

Nimekulia kwenye moshi wa pipa lake. Chikichi zinachemshwa mpaka zilainike, zinamwagwa kwenye mtambo wa chuma, watu wawili wanausukuma mti wake wakizunguka, mafuta yanatoka mekundu na povu, kisha yanarudi jikoni kutolewa maji. Hapo kwenye kutoa maji ndipo mama mdogo anapoachana na wenzake. Mafuta yenye maji yakipata moto yanatatarika. Wengi wanaepua yangali yanatatarika kidogo, maana maji yanajaza dumu. Yeye, thubutu! Anakaa kwenye kigoda, sikio kaelekeza sufuriani, hataki kusemeshwa. Ukimwambia mama, si yameiva, anakujibu, "Bado yanasema. Subiri yanyamaze." Ndiyo maana mawese yake yanamaliza mwaka bila kuchacha. Viganja vyake vimekuwa vya rangi ya chungwa mpaka kwenye mistari. Hata Jumapili akinyoosha mikono kupokea Komunyo, padri anajua huyu ni nani bila kutazama uso.

Kando ya mtambo kuna benchi la wateja, na mfalme wa benchi hilo ni mzee Pastory, Mnyamwezi wa Urambo. Anakuja kwa treni kila baada ya miezi miwili kuchukua mafuta, mwaka wa kumi na nane sasa. Waha na Wanyamwezi ni watani, na kama unatoka mbali na hujui maana yake ni hii: mtani wako anaruhusiwa kukuita mwizi mbele ya watu, kukutangazia kifo na kuucheka ukoo wako, na ukinuna wewe ndiye uliyekosa adabu. Na siku ukifa kweli, yeye ndiye atakayelala kaburini na kukataa usizikwe mpaka watu walie na kucheka kwa pamoja. Pastory akishuka kwenye gari hasalimii. Anasema, "Muha mwizi, bado uko hai?" Mama mdogo anamrushia kokwa za chikichi na kumuuliza kama huko Urambo wameshajifunza kuvaa viatu. Kisha ndipo anamletea maji ya kunawa na ugali wa muhogo, na sehemu nzuri ya samaki ni yake.

Basi. Mwaka jana nikahudhuria mafunzo ya siku tatu mjini Kigoma, ya sisi watengenezaji wa tovuti. Mwalimu wetu alikuja na habari mpya. Watu siku hizi, alisema, hawahangaiki kufungua tovuti moja moja. Wanaiuliza akili mnemba kwenye simu, yenyewe inasoma tovuti zote na kuwapa jibu moja. Tovuti ambayo mashine haiielewi ni duka lisilo na mlango. Akatufundisha: andika sentensi fupi zilizonyooka. Weka maswali kama mtu anavyouliza, na jibu lake chini yake. Taja nani, wapi, lini. Toa maneno ya kupamba. Na kwa nyuma, mahali ambapo msomaji haoni, tia alama za kuiambia mashine kwamba hili ni jina la biashara, hii ni anuani, haya ni maoni ya mteja. "Maoni ya mteja msisahau," alisema. "Mashine inamwamini mteja kuliko mwenye duka."

Nikarudi na kichwa kimevimba. Tovuti ya kwanza kuifanyia haya ikawa ya mama mdogo. Hakuniomba, nilitaka kumlipa fadhila, nami nilitaka kuonekana, nisidanganye. Nikaandika: Mawese ya Mama Honorata yanapatikana wapi? Yanapatikana Kidahwe, Mkoa wa Kigoma. Yanakamuliwaje? Nikaeleza vizuri hadi mafuta kunyamaza. Yakabaki maoni ya mteja. Na mteja gani zaidi ya Pastory?

Nikamkuta kwenye benchi, nikafungua kompyuta mpakato mapajani, nikamwambia, "Mzee, sema lolote kuhusu mafuta ya mama, niandike." Pastory akajikohoza kama shahidi mahakamani. "Andika. Mafuta ya Muha huyu ni nusu mawese, nusu maji ya Luiche. Nilimpelekea kaka yangu dumu moja, alipolionja tu akafa, tukamzika na dumu lake." Mama mdogo akaropoka kutoka jikoni, "Andika na langu! Kweli natia maji, lakini ya Wanyamwezi tu. Hawajui tofauti!" Tulicheka mpaka aliyekuwa akisukuma mtambo akaachia mti. Kaka yake Pastory, nikujulishe, yupo Urambo anafuga nyuki na afya yake haina kasoro.

Niliporudi dukani nikakaa na maandishi yale. Na hapa, ndugu yangu, ndipo ninapotaka ardhi ipasuke. Niliyaona yamekaa ovyo ovyo. Yana "hahaha", yana "Muha huyu", yana kokwa zinazoruka. Nikasema mashine haitaelewa. Nikayanyoosha. Nikaandika: "Bwana Pastory wa Urambo, mteja wa miaka kumi na minane, anasema mafuta haya ni nusu mawese na nusu maji ya mto Luiche. Kaka yake alifariki baada ya kuyaonja. Mama Honorata anajibu kwamba ni kweli anatia maji." Nikatia na alama zangu kwa nyuma, maoni ya mteja, majibu ya mwuzaji, jina, mahali. Mimi mwenyewe nikiyasoma nilikuwa bado nakisikia kicheko, kwa hiyo sikuona kwamba nimekitoa. Mtu yeyote wa Kigoma ataelewa, nilijiambia. Injinia!

Miezi ikapita, tovuti ikawa inasomwa, nikajisifu. Kisha likaja jambo lenyewe. Shule moja ya bweni upande wa Ujiji ilikuwa inatafuta mtu wa kuwaletea mawese, dumu arobaini kila muhula. Mwalimu Wilfred, anayeshughulika na stoo ya chakula, alikuja Kidahwe, akaangalia sufuria, akaonja, akasema Alhamisi ijayo atakuja na gari kuchukua ya kwanza na kuandikiana. Mama mdogo alikuwa hajawahi kupata soko la uhakika. Miaka yote ishirini na mitatu, ukimtoa Pastory, ameuza kwa anayepita. Wiki ile alikamua asubuhi na jioni. Aliyapanga madumu arobaini ukutani, akayafuta kila moja kwa kanga, akasema, "Mwanangu, sasa naweza kuzeeka."

Alhamisi gari halikuja, wala Ijumaa. Jumamosi akanituma mimi Ujiji kuuliza.

Mwalimu Wilfred nilimkuta stoo, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote. Mtu mpole, wa Njombe, mwaka wake wa pili hapa. Nikamwambia nimekuja kuulizia habari za mafuta ya Kidahwe. Akatikisa kichwa. "Dada, mimi nina watoto mia sita. Kabla ya kuandikiana na mtu lazima niulize." Akanipa simu yake nisome. Alikuwa ameiuliza akili mnemba kama mafuta ya Mama Honorata wa Kidahwe yanafaa kwa wanafunzi. Ilikuwa imemjibu kwa Kiswahili safi kabisa: kwamba kwa mujibu wa tovuti ya biashara hiyo yenyewe, mteja wa muda mrefu amesema mafuta ni nusu maji ya mto, kwamba kuna mtu aliyefariki baada ya kuyaonja, na kwamba mwuzaji amekiri kutia maji. Haishauriwi kuyatumia shuleni.

Neno kwa neno. Yalikuwa maneno yangu niliyoyanyoosha kwa mkono wangu.

"Lisemwalo lipo," alisema Mwalimu Wilfred. "Tena huyu amekiri mwenyewe. Wewe ni nani wake?"

Ilitakiwa sentensi moja tu. Mwalimu, ule ni utani, mimi ndiye niliyeandika, yule ni mama yangu. Kwamba angeamini au asingeamini, angalau ningekuwa nimesema. Lakini alikuwa ameshaniona kuwa mtu wa heshima, msichana wa mjini mwenye mkoba wa kompyuta, na nikaona uso wake utakavyobadilika akijua mjinga ni mimi. Nikasema, "Mimi mteja tu."

Nikatoka. Kabla sijafika barabarani nilikuwa nimeshafungua simu na kufuta maoni yote kwenye tovuti. Dakika moja ilitosha. Nilifuta nikidhani ninasafisha, kumbe ninaficha, maana mashine ilikuwa imeshayabeba na iliendelea kuyasema wiki kadhaa, na sasa hapakuwa na mahali mtu angeweza kuona yalikotoka.

Mama mdogo alikuwa amesimama barabarani Kidahwe akinisubiri. "Wamesemaje?"

"Wamesema wamesikia maneno. Kwamba mafuta yana maji."

"Maneno ya nani?"

"Sikuambiwa."

Akarudi polepole mpaka kwenye benchi, akakaa. Sijawahi kumuona akikaa kwenye benchi la wateja. Akayatazama madumu. Nikaona anapiga hesabu kichwani, nani anaingia hapa, nani anayajua mafuta yake kiasi cha kuaminiwa akisema. Nikaona na hesabu ilipofikia. "Astérie," alisema.

Astérie ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Mama yake alikimbia kutoka Burundi na mimba, Astérie akazaliwa hapa, ameolewa hapa. Alisukuma mtambo wa mama mdogo miaka minne, kisha mwaka juzi akapata mtambo wake mdogo. Waliachana vizuri, ila wanawake wawili wanaouza kitu kimoja kwenye barabara moja hawakosi neno. Na majirani walikuwa wamemuona Mwalimu Wilfred akiingia kwake Ijumaa ile. Kwa mama mdogo hesabu ilikuwa imekamilika.

Mimi nilikuwa na jibu mdomoni. Nikasema, "Sidhani, mama." Hilo ndilo lililotoka. Sidhani!

Kesho yake, baada ya misa, Astérie akaja mwenyewe. Alikuwa na karatasi ya daftari mkononi. Mimi nilikuwa kwenye benchi na kikombe cha chai. "Amahoro, Mama Oswald," alisalimia kwa Kirundi, "nimekuja kwa ajili ya ile habari ya shule." Hakumaliza. Mama mdogo alisimama, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mtu asiye mtani wake, akamwambia neno. Silirudii hapa. Nimekatazwa, na nitakwambia na nani. Ni lile ambalo watu wa hapa wakishikwa na hasira wanawatupia wenye asili ya ng'ambo ya mpaka, na wenyewe wanalijua tangu utotoni.

Astérie aliikunja karatasi yake mara mbili. Akasema, "Haya, Mama Oswald," akavuka barabara.

Na mimi nikanywa chai. Sikuwa na kiu, jamani. Nilikuwa nafunika mdomo na kikombe.

Siku nane nilikaa hivyo. Kila asubuhi nilifungua duka nikiwa nimeamua jioni nitasema, na kila jioni nikapata sababu. Leo amechoka. Leo kuna mgeni. Leo nitamuumiza bure, mambo yameshapita. Mama mdogo alikuwa akiuza yale madumu moja moja kwa wapita njia, bila kunadi. Wengine walikuwa wameshasikia, wanaomba kwanza ayachemshe kidogo mbele yao. Anawachemshia. Mafuta hayatatariki. Wananunua, lakini hawamtazami usoni.

Siku ya tisa Pastory akateremka na treni. Alipofika Kidahwe akaanza kama kawaida, Muha mwizi, bado uko hai, na mama mdogo hakurusha kitu. Alimwambia, "Mtani, wamesema mafuta yangu yana maji," akaingia ndani. Mzee akaja mbio dukani kwangu Mwandiga. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Injinia. Yale niliyokwambia uandike, uliandika?"

"Niliandika."

"Na kicheko je?"

"Kicheko nilikitoa, mzee. Nilitaka ieleweke."

Alikaa kwenye kiti cha kupigia picha, nyuma yake lile pazia la bluu, akaonekana mzee sana. Nikamweleza yote, mpaka Astérie, mpaka chai. Nilitegemea atanitukana kwa utani. Akaniambia bila utani hata chembe, "Mimi namwita mwizi mbele yake, nikiwa nimekula ugali wake, na kokwa anazonirushia zinanipata hapa." Akajigusa paji la uso. "Wewe umemwita mwizi akiwa hayupo, tena kwa jina langu. Na Astérie, mtoto wa watu, kabeba ubaya usio wake siku nane. Ningekuwa baba yako ningekuzaba kibao." Akainuka. "Treni yangu ni kesho. Ukiwa hujasema, naacha treni, naenda kusema mimi."

Nikaenda. Nilimkuta jikoni, sufuria ya mwisho ya siku ikitatarika. Nikaanza, "Mama..." Akanyoosha kidole. "Subiri. Bado yanasema." Nikasubiri nimesimama, na nakuapia sijawahi kusubiri kitu kirefu namna ile. Yakapungua, yakapungua, yakanyamaza. Nikasema. Nilisema kuanzia mafunzo hadi simu ya Mwalimu Wilfred, hadi "mimi mteja tu", hadi kufuta.

Hakuepua. Mafuta yakaanza kutoa moshi mweupe, kisha mweusi, na yeye amekaa tu kwenye kigoda. Mara yangu ya kwanza kumuona akiunguza mafuta. Mimi ndiye niliyeishusha sufuria, na kiganja kimebaki na alama mpaka leo.

"Siku ile Astérie amesimama pale," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikuona unakunywa chai. Nikasema, mtoto wangu mwenye elimu amekaa kimya, basi ananiunga mkono."

Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi nilidhani kimya changu kilikuwa changu peke yangu.

Akafunga kanga yake vizuri. "Vaa viatu." Tukavuka barabara.

Astérie alikuwa akipembua maharage uani. Mama mdogo, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake. Astérie akaruka, akamshika mabega, "Inuka, Mama Oswald, inuka, utanitia laana!" Lakini mama mdogo hakuinuka mpaka mimi niliposema. Nilisema tena yote. Safari hii nilikuwa na mashahidi, watoto wa Astérie mlangoni.

Astérie alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa gumu kuvumilia. "Mwana wanje," aliniambia, yaani mwanangu, na ananizidi miaka minne tu, "mama yangu ndiye aliyevuka mpaka. Mimi nimezaliwa mjini hapo. Kwetu ni hapa. Ningeenda wapi?"

Akaingia ndani, akarudi na Biblia, akatoa katikati yake ile karatasi ya daftari, ingali imekunjwa mara mbili. Akampa mama mdogo, mama mdogo akanipa mimi nisome, kwa kuwa hakuwa na miwani. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Mimi Astérie nimefanya kazi kwa Mama Honorata miaka minne. Sijawahi kuona maji yakiingia kwenye mafuta yake. Mtu akisema hivyo anasema uongo. Watoto wapewe mafuta ya mama huyu." Mwalimu Wilfred alikuwa amekwenda kwake kumuuliza kama ataweza kuleta yeye, naye akakataa, akamwambia hayo maneno si ya kweli. Mwalimu akamwambia aandike, Mama Honorata atie sahihi, naye ataipeleka karatasi kwa mkuu wa shule Jumatatu. Alikuja Jumapili ile kuchukua sahihi.

Karatasi haikufika, na Jumatatu ileile shule ilikuwa imeandikiana na mfanyabiashara wa mjini, kwa mwaka mzima. Nilienda Ujiji kwa Mwalimu Wilfred na karatasi ile na nikajitaja mimi ni nani. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema pole, wameshaandikiana. Akaongeza, bila ubaya, "Ungesema siku ile, dada." Nikarudi.

Mama mdogo hakunifukuza. Heri angenifukuza. Jioni hiyo alikuja dukani, akavuta kiti, akasema, "Ulisema mashine inataka nani, wapi, lini. Basi iandikie nani." Akakaa mpaka nikaandika. Swali: Je, ni kweli mawese ya Mama Honorata wa Kidahwe yana maji? Jibu: Hapana. Yalikuwa maneno ya utani kati yake na mtani wake wa Urambo. Kaka wa mtani yu hai. Aliyeyaandika kama ukweli na kuondoa kicheko ni Diana, mtoto wa dada yake, mwenye stesheneri Mwandiga. Nikatia alama zote za nyuma, jina, mahali, tarehe. Sijawahi kuandika kitu kikanyooka namna hiyo.

"Ongeza na ya Astérie," alisema. "Andika na neno nililomwambia. Watu wajue na mimi nilifanya nini, na wewe ulikaa wapi."

Nikasema kwanza tumuulize mwenyewe. Tukamuuliza. Astérie akakataa. "Wanangu wanatumia simu," alisema. "Sitaki siku moja wataje jina la mama yao kwenye hiyo mashine, iwasomee lile neno. Usiliandike popote." Ndiyo maana silirudii.

Sasa wanasalimiana. Asubuhi huyu anasema "Amahoro, Mama Oswald," na yule anajibu "Amahoro, Astérie." Lakini zamani Astérie alikuwa akivuka barabara hata kuomba chumvi, akakaa kwenye benchi saa nzima. Sasa chumvi ananunua. Pastory bado anakuja, na akitaka kumwita mama mdogo mwizi anageuka kwanza kuangalia kama nina kompyuta.

Mashine imeelewa. Ilichukua kama miezi miwili, lakini imeelewa. Ukiiuliza leo inasema mawese ya Kidahwe ni safi, ulikuwa utani, kosa ni la Diana. Wiki iliyopita mtu wa Dodoma amenipigia, anataka nimtengenezee tovuti ya biashara yake ya alizeti. Nikamuuliza amenijuaje. "Niliuliza ni nani Kigoma anaaminika kwa kazi hizi," alisema. "Nikajibiwa Diana wa Mwandiga, kwa sababu alikiri kosa lake hadharani kwa jina lake. Kukosa si kosa, dada. Mtu mkweli kama wewe ndiye ninayemtafuta."

Nilipokata simu nikaiuliza mwenyewe, nione kwa macho yangu. Je, Diana wa Mwandiga ni mtu mkweli? Ikajibu ndiyo, ikanitajia na sababu. Haina habari ya kikombe cha chai, wala haitakuwa nayo. Nikafunga duka mapema nikaenda Kidahwe kumpelekea mama mdogo dawa yake ya mgongo, na nikashukia kituo cha nyuma, ili nisipite mbele ya mlango wa Astérie.